Leta Ushahidi

Shamba langu limepakana na barabara ubavu mzima,
ukishaiacha Kigumba, kabla hujafika Karuma.
Marehemu alipolinunua tulipongezwa:
shamba la kando ya lami, walisema, ni duka lisilofungwa.
Kweli, halifungwi.
Mabasi ya Arua hupita madirisha wazi,
na kila dirisha lina mkono,
na kila mkono una kitu ulichochoka kukishika.

Hayo ya mchana nimeyazoea.
Vijiti vya nyama, mifupa ya kuku, chupa za soda
zenye mkojo wa mtu aliyeona haya kumsimamisha dereva.
Nayaokota umande haujakauka,
kama wengine wanavyookota uyoga.

Lori ndilo sijalizoea.
Huja saa nane za usiku, limezima taa,
hurudi kinyumenyume hadi kwenye mahindi,
huinua mgongo, hujikamua,
huondoka jepesi.
Mimi nimelala macho wazi, panga chini ya kitanda,
nahesabu: la tatu mwezi huu.

Kulipokucha nilikuta kilima.
Kavera, nepi, maganda ya matoke yaliyochacha,
viatu vitatu visivyojuana,
chupa za dripu, na sindano.
Moja ilimchoma mjukuu wangu Kwikiriza kidoleni;
nikamwosha kwa sabuni ya mche
hadi akawa analilia sabuni, si sindano.
Mbuzi mwenye mimba alikula kavera, sijui ngapi.
Tulipompasua, zilikuwa zimejisokota kama kamba,
na jina la duka bado linasomeka.

Mwenyekiti alinisikiliza akichokonoa meno.
"Abwooli," akaniita kwa upole, "lori la usiku halina jina.
Leta ushahidi."

Haya. Nikavaa gambuti za marehemu,
nikapanda kilima changu na fimbo.
Taka hazijui kutunza siri.
Nimejua nani mjini ana kisukari,
nani ameacha mchele amerudi kwenye posho,
mwanafunzi gani alipata saba kwa mia katika hesabu
akaichana karatasi vipande vinne, akavikunja vizuri.
Nikachimba.
Chini ya maganda ya mananasi nikalikuta,
limelowa, ila wino wa bluu ulikuwa umeng'ang'ania:
daftari la michango,
arusi ya mwanawe mwenyekiti.
Ukurasa wa tisa: Kabahenda Abwooli, kuku mmoja.
Mbele yake, kwa kalamu nyekundu: mdogo.

Kuku yule alikuwa anataga!

Nililianika juu ya mawe siku mbili,
nikalifunga katika leso, nikaenda.
Alilifungua. Akasoma jina lake. Akalifunga.
Nje, kijana wake alikuwa anaosha gari,
maji yakipiga bati, yakinyamaza, yakipiga tena.
"Tutaliangalia," mwenyekiti akasema,
akaliweka daftari juu ya kabati,
juu kuliko mkono wangu unavyofika,
akamwita binti aniletee soda.
Ilikuwa ya baridi. Nilikuwa na kiu.
Niliinywa yote, sisemi uongo.

Nikarudi kwa miguu maili nne, chupa mkononi,
mfereji, kichaka, mfereji,
mahali tele pa kuiachia mtu asione,
na basi moja likanipita, likanirushia ganda la yai.
Nilifika nayo kwangu.
Nikasimama katikati ya ua,
nikaizungusha, nikaizungusha,
Kwikiriza ananitazama na kidole chake kilichofungwa,
na hata mimi sikujua
niiweke wapi.